Nozeli kubwa kwenye Supra ya 2JZ-GTE

Mkuu, umeuliza kama ukitoa nozeli (vinyunyizio vya petroli) za cc 440 kwa dakika za Toyota Supra yako ya soko la Japani, yenye injini ya 2JZ-GTE ya silinda sita, na kuweka za cc 550 za toleo la Marekani utafika nguvu ya farasi 500. Hufiki. Kwa injini ya turbo, ukizitumia kwa asilimia 80 ya uwezo wake, sita za 440 zinalisha kama farasi 335, za 550 kama 420. Wewe unahitaji cc 660 hivi. Mimi ningenunua 750 nipate nafasi ya kupumua.

Halafu kuna mtego. Hizo za Marekani zina ukinzani wa umeme mdogo, zako mkubwa. Ukizichomeka hivihivi bila resista zake (vipande vya kupunguza umeme) unaweza kuunguza kompyuta ya injini. (Niliwahi kuuziwa seti nikaambiwa "zinaingia tu", kupima na multimita, omu 3 (omu ni kipimo cha ukinzani)!) Tafuta za omu 12 hivi.

Na kompyuta haitajua umebadilisha kitu, itamwaga mafuta hadi plagi zilowe. Tenga hela ya kuisetia upya. Pampu ya petroli je, bado ile ya zamani? Oringi (pete za mpira za kuziba) za nozeli badilisha zote, petroli ikivujia injini ya moto ni balaa.