Ukipelekwa Addis Ababa kuripoti, anza na mkalimani

Mdogo wangu, umesema redio yako inakupeleka Ethiopia uwe mwandishi wao, Kiamhari hujui na nchi huijui, ukauliza uanzie wapi. Nimeifanya kazi hiyo, nakujibu kwa niliyoyaona.

Kibali cha mamlaka ya habari ya kule kishughulikie kabla hujapanda ndege, na uorodheshe kila kifaa, hata kinasa sauti. Umoja wa Afrika, wenye makao makuu Addis, wana kibali chao, ukiombe peke yake.

Saa haitakusumbua, wanahesabu kuanzia macheo kama sisi. Angalia kalenda. Mwaka wao huanza Septemba na uko nyuma ya wetu kwa miaka saba au minane, hivyo barua ya Novemba 2020, vilipoanza vita vya Tigray, jimbo la kaskazini, utaikuta imeandikwa 2013. Majina nayo: la pili ni la baba, si la ukoo. Waziri Mkuu Abiy Ahmed ukimfupisha ni Abiy.

Sasa mkalimani. Usimchukue mtu mmoja wa Addis ukazunguka naye nchi nzima kwa sababu Kiingereza chake kimenyooka. Oromia wanaongea Kioromo, Tigray Kitigrinya, na baada ya vita watu humpima anayeuliza kabla ya kulipima swali. Mkataba wa Pretoria wa kusitisha vita hivyo uliposainiwa Novemba 2022 na njia zikaanza kufunguka, nilimhoji mama mmoja aliyekimbia kwao. Kwa mkalimani wa kwanza alijibu ndiyo na hapana, macho chini. Tukampata binti wa Kitigrinya, maswali yale yale, na mama akaeleza usiku wote wa kukimbia, mtoto kwa mtoto.

Mwambie mkalimani wako atafsiri kidogo kidogo, kwa nafsi ya kwanza: "nilikimbia", siyo "anasema alikimbia". Mtu akiongea kwa kirefu ukaletewa maneno matano, simamisha, omba yote. Kisha rekodi hiyo mpe mtu mwingine aisikilize kabla hujaituma.

Na hili naomba ulisome mara mbili. Serikali ikikasirika, wewe mgeni utafukuzwa. Simon Marks wa New York Times alifukuzwa Mei 2021, Tom Gardner wa The Economist Mei 2022. Wenyeji hawana pa kurudishwa. Kumerra Gemechu, mpiga picha wa Reuters, aliwekwa ndani Desemba 2020 bila mashtaka. Amir Aman Kiyaro, aliyefanyia kazi Associated Press, alikamatwa Novemba 2021 akakaa miezi minne hivi ndipo akapata dhamana. Kwa hiyo kabla habari haijaenda hewani, kaa na mkalimani na dereva, wasomee, waulize kama majina yao yatajwe. Wakikataa, wamekataa, hata mhariri akinung'unika. Walipe hata habari isipotoka. Namba za uliowahoji usiziache kwenye simu unayopita nayo vizuizini.

Wiki hii hii, kabla ya tiketi, mwandikie mhariri wako umuulize: mkalimani wangu akikamatwa, wakili analipwa na nani, na familia yake inapigiwa simu na nani? Taka jibu la maandishi. Wakikwambia hilo litaangaliwa likitokea, usimwajiri mtu yeyote kule mpaka walijibu.