Jibu: Chakula cha dini gerezani si kudekezwa
Ndugu yangu, umeuliza kama kumpa mfungwa chakula kinachoendana na dini yake ni kumdekeza. Hapana. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inalinda uhuru wa dini, na Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa, 2015, kuhusu namna ya kuwatendea wafungwa, zinataka mfungwa atimize mahitaji ya dini yake kadiri inavyowezekana. Tena gharama iko wapi? Ugali na maharage wanakula wote. Siku ya kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, itengwe sufuria na upawa, Mwislamu na Msabato wapate mboga yao. Ramadhani, sahani ya mfungaji ifunikwe hadi magharibi. Kwa baridi hii ya Mbeya, uji wa moto wa futari nao apewe, jamani!