Je, niioshe chupa ya Kirumi yenye rangi za upinde wa mvua?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Naishi Ujerumani, ambako nilimhudumia bibi mmoja mzee hadi alipofariki. Watoto wake wamenipa vitu viwili kutoka kabatini mwake: chupa ndogo ya kioo yenye shingo ndefu, wanayoiita "chupa ya machozi" ya Warumi, na kichwa cha mwanamke cha udongo wa kuchoma, kidogo kama kidole gumba. Chupa inang'aa rangi rangi na huacha unga kidoleni. Naweza kuiosha kwa siki? Na nikitaka kuiandikia maelezo kama yale ya makumbusho, nianzie wapi?

Jibu: Nzuri, dada. Siki iache kabisa, na maji pia.

Warumi walitengeneza kioo kwa mchanga na magadi, mengi yakitoka Wadi Natrun huko Misri. Magadi ndiyo yaliyowezesha mchanga kuyeyuka kwa moto wa tanuri za wakati ule. Kioo hicho kikikaa karne nyingi ndani ya udongo wenye unyevu, maji huyanyonya magadi kidogo kidogo, na uso hubaki tabaka juu ya tabaka za silika (madini ya mchanga), nyembamba ajabu. Mwanga ukigonga tabaka hizo, miale inayorudi huingiliana, ndipo unapoona rangi za upinde wa mvua. Huo ni mwili wa kioo chenyewe, na unga ulioko kidoleni mwako ni chupa inayopungua. Kila unapoisugua unaondoa kitu kisichorudi. Ilaze kwenye kisanduku chenye karatasi laini isiyo na asidi, mbali na dirisha na kipasha joto, na ukiinyanyua ishike tumboni kwa mikono miwili, kamwe usiishike shingoni.

Sasa maelezo. Anza na yale ambayo mtu mwingine akishika rula atayapata vilevile: kimo, kipenyo cha mdomo, kipenyo cha kitako, vyote kwa milimita. Kisha rangi ya kioo, na hapa wengi hukosea kwa kuandika rangi ya utando unaong'aa juu yake. Tafuta sehemu iliyobanduka, itazame kwenye mwanga. Mara nyingi utakuta kijani kinachoelekea samawati, rangi inayotokana na chuma kilichomo mchangani. Fuata umbo kutoka juu kwenda chini: mdomo, shingo, bega, tumbo, kitako. Mdomo umekunjwa kwa ndani au umekatwa tu? Kitakoni kuna kovu la mviringo lililoachwa na ufito wa chuma wa kushikilia chupa wakati mdomo ukimaliziwa? Viputo vya hewa vya shingoni vimerefuka kufuata shingo? Hivyo ndivyo mikono ya fundi inavyosomeka, na kwangu hii ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Maliza na hali ilivyo: nyufa, mapengo, gundi ya zamani.

Baada ya hapo tu ndipo utaje umri, na uandike "huenda". Ufundi wa kupuliza kioo ulianza pwani ya Shamu na Palestina katika karne ya 1 kabla ya Kristo. Mabaki ya karakana yaliyochimbuliwa Yerusalemu ni ya katikati ya karne hiyo. Chupa ya kupulizwa haiwezi kutangulia hapo. Kwa aina, wataalamu bado hutumia namba alizozipanga mtafiti Mholanzi Clasina Isings mwaka 1957: yenye umbo la bomba ni namba 8, na yenye shingo ndefu juu ya tumbo pana lililobapa, mfano wa kinara cha mshumaa, ni 82.

"Chupa ya machozi" usiiandike. Zilitiwa mafuta ya manukato na dawa, na nyingi zimepatikana makaburini, ndiko hadithi ya kwamba waombolezaji walikinga machozi yao humo ilikoota. Zaburi ya 56, inayomwomba Mungu ayatie machozi chupani, huizidishia nguvu, lakini zaburi hizo zilikuwapo kabla mtu yeyote hajapuliza kioo.

Kichwa cha udongo nacho usikilowanishe. Sanamu ndogo za Kigiriki zilipakwa tabaka jeupe, kisha rangi juu yake, na maji huibandua. Andika kama uso umetolewa kwenye kalibu na kama nyuma kumelainishwa kwa mkono. Juu ya uhalisi kuwa mwangalifu: makaburi ya Tanagra, huko Ugiriki, yalipofukuliwa miaka ya 1870, wanunuzi wa Ulaya walizipenda mno sanamu zake, na bandia zikafurika sokoni. Nyingine sasa zina zaidi ya miaka mia, zimechakaa vya kutosha kumdanganya mtu makini.

Kuna jambo moja ambalo hakuna kipimo kitakachokupa: vitu hivi vilifikaje kabatini kwa bibi. Makumbusho mengi huuliza kama kitu kilikuwa nje ya nchi yake kabla ya 1970, mwaka wa mkataba wa UNESCO dhidi ya biashara haramu ya mali za utamaduni. Risiti, barua, hata picha ya zamani ya sebule inayoonyesha chupa kwenye rafu, ni ushahidi. Na usivitie kwenye begi kuja navyo nyumbani kabla hujauliza: vitu vya kiakiolojia vyenye zaidi ya miaka 100 kwa kawaida huhitaji kibali cha kuvitoa nje ya Umoja wa Ulaya. Waombe watoto wa bibi karatasi hizo wiki hii, kabla nyumba haijasafishwa.