Je, albumini ndiyo inayoingiza dawa ya mionzi kwenye uvimbe?

SWALI: Shikamoo daktari. Nasomea famasia. Nimesoma kwamba dawa za lutesiamu (metali inayotoa mionzi) za saratani ya tezi dume siku hizi zinaongezewa kipande kinachoshika albumini, ile protini ya damu, na uvimbe hupata dawa nyingi zaidi. Je, albumini ndiyo inayoziingiza kwenye seli? Kama ndivyo, mbona zisifungwe nayo moja kwa moja?

JIBU: Marahaba. Kwa sehemu kubwa, hapana. Kinachoiingiza dawa kwenye seli ni ile sehemu yake inayoitambua PSMA, protini iliyojaa juu ya seli nyingi za saratani hiyo. Albumini inaipa dawa muda tu.

Chukua PSMA-617 yenye lutesiamu-177, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022. Ni molekuli ndogo, uzito wake daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) elfu moja na kitu. Figo huichuja upesi na sehemu kubwa hutoka na mkojo siku ile ile. Damu itaendelea kuupitia uvimbe, lakini haina tena dawa ya maana. Albumini ina daltoni 66,500 hivi; figo nzima haziiachii ipite, na nusumaisha yake mwilini, yaani muda wa nusu yake kuisha, ni karibu wiki tatu. Dawa iliyoishika nayo haipiti kwenye chujio la figo.

Vipande vinavyotumika ni kama iodofenili-butiriki, au sehemu ya Evans blue, rangi iliyotumika tangu zamani kupima ujazo wa damu kwa sababu hiyo hiyo ya kung'ang'ania albumini.

Sasa swali lako la pili, ambalo ndilo zuri zaidi. Mshiko huo unafanywa legelege makusudi: molekuli inashika, inaachia, inashika tena. Iliyo huru hupenya kapilari, ikikutana na PSMA inanaswa na kumezwa na seli. Huru zikipungua, albumini inaachia nyingine. Ukiifunga moja kwa moja, umeigeuza dawa kuwa mzigo wa daltoni elfu sitini na ushei, unaotoka kwenye mishipa kwa kujikokota, huku mionzi ikizunguka kwenye damu siku nyingi.

Utakutana pia na hoja ya Matsumura na Maeda, Wajapani walioonyesha mwaka 1986 kwamba mishipa ya uvimbe inavuja na limfu haiondoi vizuri kilichovuja, hivyo protini kubwa hutuama humo. Ni kweli, ila kwa binadamu hali hutofautiana mno kati ya uvimbe na uvimbe. Mimi nisingepanga dozi kwa kuitegemea.

Gharama ya kushika albumini iko kwenye uboho. Damu yenye lutesiamu inapita humo saa zote, na seli zinazozalisha damu hazivumilii mionzi. Wagonjwa waliopewa EB-PSMA-617, yaani PSMA-617 yenye kipande cha Evans blue, nchini China walipata mkusanyiko mkubwa zaidi kwenye uvimbe, lakini dozi ya uboho na ya figo nayo ilipanda. Kwa hiyo ukisoma grafu za panya, usishangilie kilele cha mstari wa uvimbe. Pima eneo lililo chini ya mstari huo, uligawanye kwa eneo la mstari wa damu. Kuna dawa zenye kilele kirefu ambazo kwa kipimo hicho hazifui dafu.

Kwa picha tu, kipande hiki hakina maana: galiamu-68 ina nusumaisha ya dakika 68, itakuwa imekwisha kabla damu haijasafika. Lutesiamu ina siku 6.6, inaweza kusubiri.