EGFR imewaka kwenye ripoti, mbona mgonjwa hajaanzishiwa vidonge?

Pole sana mkuu kwa kuuguza. Umesema ripoti ya bayopsi ya pafu la mama imeandikwa adenokasinoma (aina mojawapo ya saratani ya pafu), protini ya EGFR chanya 2+, protini ya Ki-67 asilimia 60, lakini daktari wa saratani kamwambia asubiri kwanza kipimo cha jeni. Na hapo juu kuna waliokushauri utafute mwenyewe vidonge vinavyozuia EGFR, muda usipotee. Mimi nafanya kazi maabara ya patholojia. Slaidi za aina hiyo ndizo ninazokata na kupaka rangi kila siku, kwa hiyo tafadhali nisikilize kabla hujanunua chochote. Daktari yuko sahihi.

Hiyo 2+ inapatikanaje? Kipande cha tishu kikishakaa kwenye fomalini na kuzamishwa kwenye nta, tunakikata vipande vyembamba vya mikroni 4 hivi, tunaweka kingamwili inayoshika protini moja tu, halafu rangi ya kahawia inajitokeza pale iliposhika. Kwa EGFR, ukitazama kwenye hadubini unaona mstari wa kahawia kwenye ukingo wa seli. Ukiwa hafifu ni 1+, wa wastani 2+, mzito uliozunguka seli nzima 3+. Anayepima ni jicho la mtu. Halafu kipande kisipokolea fomalini vizuri, rangi inaweza kupungua wakati saratani ni ile ile.

Ila tatizo kubwa haliko kwenye rangi. EGFR ni kipokezi ambacho seli hutumia kupokea amri ya kukua, na seli za kawaida za njia ya hewa zinacho pia. Mara nyingi naona ukuta wa bronkasi (mrija wa hewa wa pafu) wenye afya, pembeni kabisa ya uvimbe, nao umewaka kahawia. Saratani nyingi za pafu zisizo za seli ndogo, kundi ambalo adenokasinoma imo, zinacho kwa wingi. Kwa hiyo chanya ya protini inakuambia kipokezi kipo, haikuambii kama kimeharibika. Ukihesabu swichi ukutani hujajua ni ipi iliyokwama ikiwa imewashwa.

Kukwama huko kunatokana na hitilafu ndani ya jeni, na ndiko vidonge vinakolenga. Watafiti wa Marekani waligundua hilo mwaka 2004. Hitilafu mbili ndizo zinazojirudia zaidi: kipande kukatika kwenye eksoni 19 (eksoni ni sehemu ya jeni), na ile ya eksoni 21 iitwayo L858R, ambapo kwenye protini, asidi amino iitwayo leusini ya nafasi ya 858 imebadilishwa na nyingine iitwayo arginini. Hizo mbili peke yake ni kama asilimia 85 hadi 90 ya hitilafu zinazoitikia vidonge hivi. Rangi ya kawaida ya EGFR haiwezi kukuonyesha hata moja kati ya hizo.

Na kubahatisha kuna gharama. Utafiti wa IPASS, uliochapishwa 2009, ulichukua wagonjwa 1,217 wa Asia ya Mashariki, nusu wakapewa gefitinib, ambayo ni kidonge cha kuzuia EGFR, nusu kemo. Wenye hitilafu ya jeni ya EGFR walikaa wastani wa miezi 9.5 kabla ugonjwa haujasonga mbele wakiwa kwenye gefitinib, dhidi ya 6.3 kwenye kemo. Wasio na hitilafu waliomeza gefitinib walikaa mwezi 1.5 tu, wakati wenzao wa kemo walifika 5.5. Soma namba hizo za mwisho mara mbili, mkuu. Hao ni watu waliopewa kidonge kizuri kwenye saratani isiyo yake.

Ki-67 imekutisha, naona. Ni protini inayoonekana kwenye kiini cha seli iliyo kwenye mzunguko wa kugawanyika, na seli iliyopumzika haina. Asilimia 60 maana yake seli nyingi ziko kazini. Lakini kwa adenokasinoma namba hiyo haichagui dawa. Sisi inatusaidia zaidi pale sindano inapoponda seli hadi zikawa nyuzi za bluu zisizosomeka: ikiwa chini sana tunafikiria kasinoidi, uvimbe unaokua polepole, ikiwa juu mno saratani ya seli ndogo, inayokua haraka.

Usije ukaondoka hapa ukiamini kwamba rangi za protini hazina kazi. ALK, protini nyingine tunayoipaka rangi, ni kinyume kabisa. Pafu la kawaida halina protini hiyo, kwa hiyo ikiwaka kwa nguvu kwenye seli za saratani, mara nyingi jeni ya ALK imeungana na nyingine, na matibabu yanaweza kuamuliwa kwa rangi hiyo tu. Tunapaka sambamba kipande cha kidole tumbo kama kithibitisho, kwa sababu seli za neva za ukutani mwake lazima ziwake. Zisipowaka, slaidi yote tunairudia. Hata kwa MET, kipokezi kingine cha seli, mwaka 2025 Marekani iliidhinisha dawa ambayo wagonjwa wake huchaguliwa kwa wingi wa protini hiyo: angalau nusu ya seli za saratani ziwe 3+.

Sasa cha kufanya wiki hii. Muulize daktari kama kipande kilichobaki kwenye nta kinatosha kupima jeni za EGFR, ALK na nyingine iitwayo ROS1 kwa pamoja, maana bayopsi ya sindano huwa ndogo na kila rangi ya ziada inakula tishu. Kama haitoshi, kuna kipimo cha damu kinachotafuta DNA ya saratani. Kikionyesha hitilafu, kinaaminika. Kisipoonyesha, bado hamjamaliza, itahitajika tishu nyingine. Na mkihamia hospitali nyingine, ombeni kibonge cha nta chenyewe pamoja na slaidi. Ripoti ya karatasi peke yake haiwezi kupimwa jeni.