Bandit 1200 ya zamani kwenye mbio za mita 402: anza na klachi na kimo, injini baadaye

Mkuu, umeuliza uifanyie nini Suzuki Bandit 1200 ya 1998 kabla ya kuipeleka kwenye dragi, yaani mbio fupi za mstari ulionyooka, na umeorodhesha kamshafti, pistoni kubwa na kabureta mpya. Orodha hiyo iweke kando kwanza. Injini yake ya cc 1,157, inayopozwa kwa hewa na oili, ikiwa nzima inakufikisha mwisho wa mita 402 kwa sekunde 11 na ushee bila kufunguliwa. Muda unapotelea kwenye mita 18 za mwanzo: tairi la mbele linanyanyuka ukalazimika kupunguza mafuta, au klachi inateleza. Ukiokoa sehemu moja ya kumi ya sekunde pale, mwishoni hurudi karibu mbili.

Hakikisha kwanza mashine ni nzima. Pima mgandamizo injini ikiwa ya moto, plagi zote nne zimetolewa na mkono wa mafuta umefunguliwa mpaka mwisho. Silinda zikitofautiana kwa zaidi ya kilo 2 kwa sentimita mraba, usiende popote. Valvu pima injini ikiwa baridi kabisa: za kuingiza milimita 0.10 hadi 0.15, za kutoa moshi 0.18 hadi 0.23. Angalia mipira inayoshika kabureta na oringi zake. Ikiwa imepasuka, hewa ya wizi inaingia, mchanganyiko unakuwa mkavu (hewa nyingi, mafuta machache) na pistoni inaungua.

Kitu kinachosahaulika sana kwenye pikipiki za umri huu ni koki ya mafuta inayofunguliwa na mvuto wa injini. Kiwambo chake cha mpira kikizeeka, mafuta yanashuka polepole. Mjini hutajua. Kwenye mbio, bakuli za kabureta zinakauka ukiwa gia ya nne au ya tano, pikipiki inalegea ghafla, na mtu anaanza kubadilisha jeti wakati shida ni koki. Badilisha kiwambo au weka koki ya kawaida ya kufungua kwa mkono, na usafishe chujio lililo ndani ya tenki.

Sasa klachi. Bandit inatumia springi bapa moja badala ya springi ndogo ndogo, na springi hiyo ikichoka haistahimili kuondoka kwa nguvu. Dawa ya bei nafuu ni kuweka springi bapa ya pili juu ya ile ya kwanza. Mkono wa klachi utakuwa mzito zaidi kuuvuta, lakini klachi itashika. Ukiifungua, laza kila pleti ya chuma juu ya kioo na upitishe geji chini yake: iliyopinda zaidi ya milimita 0.10 itupe. Pleti mpya za msuguano ziloweke kwenye oili usiku kucha. Kagua kikapu cha klachi pia, maana pleti huchimba vijishimo kwenye vidole vyake na klachi ikaachia kwa kushtuka. Vijishimo vidogo vinasawazishwa kwa tupa. Vikiwa virefu, nunua kikapu kingine. Tumia oili yenye alama ya JASO MA, yaani ya pikipiki ambazo klachi yake inazama kwenye oili ya injini. Oili ya gari iliyotengenezwa kupunguza msuguano itaiua klachi mpya. Na kwa kuwa klachi hii ni ya majimaji, tazama kama silinda ndogo iliyo karibu na sproketi ya mbele inavuja.

Kimo na urefu ndivyo vinavyozuia tairi la mbele lisipae. Mbele, funga mkanda wa kuvuta shokapu za mbele chini na uache zicheze sentimita 2 au 3. Usizibane mpaka mwisho. Kisha geuza usukani kushoto na kulia uone tairi haligusi ekzosi wala rejeta ya oili. Mkanda huo ni wa uwanjani tu, barabarani uutoe. Nyuma, vile vyuma viwili vinavyounganisha shokapu na mkono wa tairi vibadilishwe kwa virefu zaidi. Sheria nyingi hudai angalau sentimita 5 kutoka ardhini dereva akiwa amekaa. Kumbuka kufupisha stendi ya pembeni, la sivyo pikipiki iliyoshushwa inaanguka upande wa pili.

Kutoka ekseli hadi ekseli ni milimita 1,435 tu. Kurefusha mkono wa nyuma unaoshika tairi kwa sentimita 15 kunaibadilisha kabisa, ila nunua mkono uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Fundi wa mageti asiuguse. Cheni ya 530 ina milimita 15.875 kwa pingili, na kila sentimita ya ekseli inadai sentimita mbili za cheni, kwa hiyo sentimita 15 ni pingili 18 hadi 20. Mpira wa breki ya nyuma nao unahitaji kurefushwa.

Sproketi za kiwandani ni 15 mbele na 45 nyuma. Kupunguza jino moja mbele ni karibu sawa na kuongeza matatu nyuma. Napendelea kuongeza nyuma, kwa sababu sproketi ndogo ya mbele inaikunja cheni mno. Lakini usifanye hivyo kabla ya kurefusha, utaongeza tu kunyanyuka.

Tairi la barabarani anza na psi 22 nyuma na 40 mbele. Lizunguke dimbwi la maji lililo kabla ya mstari wa kuanzia, usipite ndani yake, kisha zungusha tairi sekunde mbili au tatu kulisafisha. Ondoka injini ikiwa kwenye mizunguko kati ya 4,500 na 5,500 kwa dakika, ukiachia klachi taratibu huku mafuta yakifunguka, na ubadilishe gia kama 9,000, kwani nguvu ya juu kabisa iko karibu na 8,500. Gia ni tano tu, hivyo unabadilisha mara nne. Usiharakie taa: saa yako inaanza tairi la mbele linapotoka kwenye mwanga wa kihisi ulio mstari wa kuanzia, si taa inapowaka kijani.

Usalama haujadiliwi. Kamba ya kuzima injini ifungwe kwenye kifundo cha mkono, bolti ya kumwagia oili ifungwe kwa waya, helmeti iwe ya uso mzima, uvae suti ya ngozi na glavu, na buti zipite kifundo cha mguu. Hata kwenye uwanja wa dragi wa Santa Pod kule Uingereza, kwenye siku za Run What Ya Brung ambapo pikipiki za barabarani hukaribishwa, huingii na jinzi.

Mita 18 zikishuka chini ya sekunde 1.7 mara kwa mara, ndipo tuzungumze kamshafti.