Uani Kwako: Wapishi Kwanza, Maua Baadaye

Shikamoo Mama. Mwaka jana tulihamia kwetu Goba, Dar es Salaam. Nyumba inatazama mashariki, kwa hiyo uani ni upande wa magharibi, mita 18 kwa 11, udongo mtupu mpaka leo. Mlango wa jiko la ndani unatokea kona ya kaskazini. Kiwanja kina mteremko, na masika maji ya jirani wa juu yanatushukia sisi. Tunataka pawe mahali pa shughuli zetu: kipaimara cha kijana wetu, kicheni pati ya mdogo wangu, na hata ukitokea msiba tusihangaike. Watu 60 mpaka 80. Mume wangu anataka marumaru uani kote na kibanda cha makuti katikati. Mimi nataka majani na maua. Fedha iliyopo ni ya kuanzia tu. Tuanze na nini?
Msomaji, Goba

Marahaba mwanangu, na hongereni kwa kuhamia kwenu.

Umenitajia wageni 80, marumaru, makuti, majani na maua. Watakaopika hukuwataja. Barua nyingi zinanijia hivyo hivyo, na kila mara naumia. Nimeingia kwenye nyumba nzuri za mji huu nikakuta uwanja wa wageni umepambwa, halafu nyuma, kwenye kichochoro cha mita moja kati ya nyumba na ukuta, kina mama wamebanana na masufuria ya pilau, macho mekundu kwa moshi, maji ya kuoshea vyombo yanawapita miguuni. Hao ndio waliofika alfajiri na ndio watakaoondoka wa mwisho. Mara nyingi ni shangazi zako, mawifi zako na majirani, na hakuna anayewalipa. Uani wa shughuli mimi naupanga kuanzia kwao.

Kwa hiyo weka jiko la nje kwenye kona ya kaskazini-magharibi, upande ule ule wa mlango wako wa jiko. Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni miguu: sufuria la pilau la watu 80 halibebwi na mtu mmoja, na kila hatua unayoipunguza ni mgongo wa mtu umeuokoa. Ya pili ni upepo. Hapa pwani kusi hutoka kusini-mashariki, takriban Aprili mpaka Septemba, na kaskazi hutoka kaskazini-mashariki miezi ya Desemba mpaka Machi. Pepo zote mbili zinatoka upande wa mashariki, basi moto ukae magharibi na wageni mashariki yake. Kaskazi ikivuma, moshi wako utapita sambamba na ukuta wa nyuma, na Desemba ndio mwezi wa sherehe, hivyo usipange viti vya mwisho vikagusa ukuta huo. Nyumba nayo inazuia upepo na kuuzungusha. Kabla hujamwaga zege, choma majani mabichi kidogo ndani ya debe pale unapofikiria kuweka jiko, alasiri, ukae kwenye kiti upande wa wageni utazame moshi unaelekea wapi. Fanya hivyo siku mbili tatu. Ukiona unamwendea jirani wa nyuma, kaongee naye mapema.

Jiko lenyewe lisizidi uwezo wako. Mita 4 kwa 3 zinatosha. Paa la bati, juu kiasi cha mita 3, pande mbili wazi moshi utoke. Makuti hapo hapana kabisa, cheche moja ya kuni inatosha kuleta maafa. Sakafu iwe ya zege lililokwaruzwa kwa ufagio kabla halijakauka, mtu asiteleze mafuta yakimwagika. Mafiga ya kujengea mawili makubwa, na nafasi ya jiko la gesi la chini, kwa kuwa si kila siku mtapata kuni kavu. Meza ya zege ya kukatia, kimo cha sentimita 85 mpaka 90, ili watu wasikate vitunguu wakiwa wameinama chini kutwa. Koki mbili za maji, moja ya kupikia na moja ya kuoshea, na karo pana la vyombo. Maji ya karo yapite kwanza kwenye kishimo kidogo cha kunasa mafuta, chenye mfuniko, unachokisafisha baada ya kila shughuli. Mafuta ya pilau yakiingia moja kwa moja kwenye shimo la maji taka huganda, na siku shimo litakapofurika ni siku una wageni.

Hapo hapo karibu, jenga choo kinachofunguka kwa nje. Wageni 80 wasipite sebuleni kwako na viatu vya tope, wala mama mkwe wa mdogo wako asiulizie njia ya choo mbele za watu. Choo cha nje ndicho kitakachowafaa sana siku ya msiba, mnapolaza watu mkekani usiku kucha.

Sasa mteremko. Wengi hapo Goba wanahangaika kuusawazisha wote kwa kifusi. Wewe ugawe uwanja ngazi mbili, juu na chini, na katikati jenga ukuta mfupi wa mawe wa kuzuia udongo, kimo cha sentimita 45, juu yake upana wa sentimita 50, uliosakafiwa laini. Huo ukuta ni baraza. Kwa urefu wa mita 10 wanakaa watu 16 bila kukodi kiti hata kimoja. Mwambie fundi aache vipenyo vya kutolea maji chini ya ukuta kila mita moja na nusu hivi, na nyuma yake ajaze kokoto, maana udongo ukishiba maji ya masika unasukuma ukuta mpaka unapasuka. Kwenye mpaka na jirani wa juu chimba mfereji wa upana wa sentimita 30, uuelekeze kwenye mtaro wa barabara. Usimgeuzie jirani wa chini. Haya ya maji yafanyike kwanza kabla ya kitu chochote kinachoonekana kwa macho, hata kama wageni hawatayasifia.

Kuhusu marumaru, mwambie baba watoto kwa heshima kwamba mimi nimekataa. Za kung'aa zikilowa zinaangusha wazee, na jua la saa 8 linawapiga watu machoni kutoka chini. Panga vitofali vya pevingi vya unene wa sentimita 6 kwenye ngazi ya karibu na nyumba, kiasi cha mita 10 kwa 6, juu ya moramu iliyoshindiliwa vizuri na mchanga wa sentimita 3 au 4, na sakafu ishuke sentimita 2 kwa kila mita kutoka ukutani mwa nyumba. Pembezoni weka mawe ya kingo, bila hivyo vitofali vinatawanyika mvua ya pili. Hapo wanaenea watu 45 kwenye meza, wengine baraza na ngazi ya chini.

Majani yako utayapata, yakae ngazi ya chini. Panda majani ya Pemba, yanavumilia kivuli na joto la pwani. Ila ujue viti vya plastiki vinazama kwenye udongo uliolowa na kukanyagwa kwa watu 80 kunayachosha; baada ya shughuli yaachwe wiki mbili bila mtu kupita.

Kibanda cha makuti katikati kinakula mahali pa turubai. Familia ya kawaida ina shughuli kubwa mara moja au mbili kwa mwaka, na siku hizo utakodi turubai tu. Kwa hiyo fukia kwenye sakafu vipande vya bomba la chuma, wima, kwenye zege, vyenye vifuniko, mahali nguzo za turubai zitakaposimama. Siku ya kazi vijana wanachomeka nguzo, hakuna kung'oa vitofali wala kufunga kamba kwenye nondo za madirisha. Pima nafasi kwa turubai ambalo mnakodi kweli, usikisie.

Kivuli cha siku za kawaida kitoke kwenye mti, na mti ndio uupande mapema, mvua zikianza. Jua lako la mchana linatoka magharibi, nyumba haikusaidii kitu baada ya saa 7. Mimi ningepanda mti mmoja wa mkungu upande wa kusini-magharibi, mita 4 au zaidi kutoka ukutani na mbali na shimo la maji taka, nikiuachia udongo wazi wa mita 2 kwa 2 kuuzunguka. Unakua haraka na matawi yake yanatanda kwa mapana, watu wanakaa chini yake wakiwa wamenyooka. Majani unaangusha mengi, mtafagia. Miashoki iliyopangwa mstari ukutani inapendeza, lakini kivuli chake hakitoshi hata mtu na mwanawe.

Taa: jua letu huzama takriban kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasoro robo jioni mwaka mzima, na giza huja upesi. Mwanga mkali uwe jikoni na kwenye ngazi za kushukia, kwa wageni taa za manjano, hafifu, ambazo haziiti wadudu sana. Waya za nje zipite ardhini ndani ya bomba, na kazi hiyo mpe fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), akuwekee na swichi inayokata umeme wenyewe ukivuja. Jenereta, muziki na maji ya mvua kwenye sehemu moja si mambo ya kumwachia kijana wa mtaani.

Fedha ikiwa haba, mwaka huu fanyeni mfereji, ukuta, jiko na mti. Pevingi hata mwaka kesho, watu watakaa kwenye majamvi na watakula chakula kilichopikwa kwa utulivu. Maua utapanda mwenyewe kidogo kidogo. Bogonvilia ukutani, lakini si kwenye njia ya kupitia sufuria. Miiba yake inachana nguo na mikono.

*

Habari za kazi Mama. Nimehamishiwa Dodoma kikazi, nimejenga. Uzio ni minyaa niliyoikuta. Majani nimepanda, yamekufa, nikapanda tena, yamekufa. Nataka mahali padogo pa kuchomea nyama jioni na wafanyakazi wenzangu, watu 10 hivi.
Msomaji, Dodoma

Salama mwanangu. Acha kuyalilia majani. Mvua yako ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, kisha kiangazi kirefu na upepo wa vumbi. Maji unayoyamwagia majani yape miti. Mahali pa kukaa mwaga changarawe unene wa sentimita 5 juu ya udongo ulioshindiliwa, kwa kipenyo cha mita 5, ukizungushia mawe. Kama hauwezi kukaa bila kijani chini, ukoka ndio utakaokuvumilia, ila kiangazi utageuka rangi ya kahawia, na mvua ikirudi nao unarudi.

Juu ya viti jenga chanja ya nguzo na waya, kimo cha mita 2.4, upandishe mzabibu. Uko kwenye mkoa wa zabibu, ardhi na jua vinautaka, na majirani watakufundisha kupogoa. Hapo zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kila ukipogoa utakaa wiki kadhaa bila kivuli, kwa hiyo pogoa nusu ya chanja, nusu nyingine baadaye. Upande wa mashariki wa jiko la kuchomea jenga kiukuta cha kimo cha mita moja na robo, upepo usirushe cheche kwenye nyasi kavu.

Minyaa ndiyo inayonitia hofu. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni hatari kweli. Viti vikae mbali nayo, watoto waambiwe, anayeikata avae miwani na glavu, na vijiti vyake visiingie kabisa kwenye moto wa nyama. Utomvu ukimrukia mtu jichoni, mwosheni kwa maji mengi safi kwa muda mrefu na mumkimbize hospitali. Ukipata fedha, panda uzio mpya wa mti mwingine kwa ndani, na minyaa uiondoe kidogo kidogo.

*

Asalaam aleikum dada yangu. Uani kwangu ni mita 4 kwa 5, nyumba ya zamani. Tunakaa hapo wanawake, maulidi, hitima, kusukana. Sasa jirani kajenga ghorofa na madirisha yanatuangalia vichwani. Tumeanza kukaa chumbani na joto hili.
Msomaji, Pangani

Waaleikum salaam dada yangu. Mkae chumbani kwa nini na uani ni penu! Vuta nyaya kutoka ukutani hadi ukutani upande wa ghorofa, kimo cha mita 2 na nusu, upandishe pesheni. Panda miche miwili kwenye shina la ukuta, samadi ya kutosha; kwa kawaida ndani ya mwaka mmoja itakuwa imefunika. Kwa sasa tandaza juu ya nyaya hizo hizo mikeka chakavu ya ukindu, inapitisha hewa kuliko turubai.

Viti vitoe vyote. Jenga baraza kuzunguka kuta tatu, kimo sentimita 45, upana 55, na ukiacha mlango utapata kama mita 11: wanawake 18 wamekaa, katikati pamebaki mkeka na sinia. Chini ya baraza acha vishubaka vya kuwekea mkaa na vyombo. Asumini ipande karibu na mlango.

Kitu kimoja nakusisitizia: mapipa ya maji. Mbu wa dengi anazaa kwenye maji safi yaliyotulia, anauma mchana, na Dar es Salaam ilimjua vizuri mwaka 2014 na tena 2019. Mapipa yawe na vifuniko vinavyobana, visahani vya chini ya vyungu vimwagwe kila wiki, na vile vifuu unavyovilundika kwa ajili ya kuni uvigeuze vitazame chini.